Gurudumu la Nyuma na Hesabu ya Nafsi

Katika vipando vyote vya binadamu, tangu punda atandikwaye shogi hadi jahazi likatalo mawimbi, pikipiki ina ajabu moja ambayo sikuitia maanani mpaka siku iliponitia hofu: gurudumu liisukumalo, lichukualo sehemu kubwa ya uzito wa mtu na shehena yake, ndilo ambalo mpandaji halioni hata kidogo awapo safarini. La mbele li machoni pake daima, huliona likikwepa jiwe na kuruka shimo, na kosa lake dogo kabisa humfikia mikononi kabla halijawa kubwa. Lakini la nyuma hulijua kwa kuhisi tu, kwa mtikisiko upandao kutoka kitini hadi uti wa mgongo, na hisia, kama wajuavyo matabibu, ni mjumbe amini atuarifupo kwamba maradhi yapo, ila si mjumbe wa kutegemewa atuelezapo yalipo. Ajabu hiyo ndiyo iliyonizalia swali ninalotaka kulipima hapa, swali ambalo kwa sura ni la gereji na kwa asili ni la dini: mtu ahisipo kwamba mwenendo wake unayumba, atafute wapi chanzo cha kuyumba huko, na kwa jicho gani, iwapo macho aliyojaliwa hutazama mbele tu?

Niliswali Ijumaa mjini Same, nikapanda basi hadi Makanya, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu na kando ya reli ile itokayo Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911, mahali ambapo mkonge na miiba huvumilia jua ambalo viumbe wengine hulikimbia. Kutoka hapo njia ya Suji huiacha tambarare na kuukwea ubavu wa magharibi wa milima ya Upare Kusini, ikijikunja na kujikunjua juu ya mawe na makorongo, na kila kona hewa hubadilika, hata mtu aliyeanza safari akijifuta jasho huimaliza akitafuta koti. Nilimkodi kijana wa bodaboda ambaye alikuwa amekwisha kufunga juu ya keria gunia la sukari la mwenye duka mmoja wa huko juu, nami nikakaa kati ya mtu na mzigo kama karatasi iliyobanwa kitabuni. Hatujafika mbali pikipiki ilianza kutikisa kiuno. Katika kona ilikuwa kichwa chakubali kwenda kulia, mkia ungali unashauriana na bonde lililo kushoto, na shauri hilo halikuwa la kupendeza kwa mtu mwenye umri wangu.

"Tairi hili jipya, mzee," kijana alisema bila kuulizwa, "na ni la pili mwaka huu. Matairi ya siku hizi hayana maana." Kona iliyofuata alisema ni barabara, maana mvua ilikuwa imeuosha udongo na kuacha mawe matupu. Kona ya tatu ilipotuchukua hadi ukingoni, nikaona vilele vya miti chini ya nyayo zangu, alivuta pumzi akasema, "Lakini yote ni mipango ya Mungu." Nami niliitikia, kwa kuwa mtu aliye ukingoni mwa genge huitikia kila jina la Mungu litajwalo, ila nilipokwisha kutulia niliyapanga maneno yake matatu nikauona mfuatano wake: kwanza alishitaki kitu, kisha mahali, kisha Mwenyezi Mungu, na katika mashitaka hayo yote mshitaki mwenyewe hakuitwa hata mara moja atoe maelezo. Sikumcheka, kwani ndivyo tufanyavyo sote. Mwongo humlaumu aliyemwuliza, mlevi humlaumu rafiki, mchuuzi aliyefilisika huzilaumu zama; na wote watatu, hoja zikiwaishia, hupandisha kesi mbinguni, ambako wanajua haitajibiwa kwa sauti.

Suji ni nchi ya watu wa Sabato. Mwaka 1903 wamishenari Waadventista kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare Kusini, na mafundisho yao yakaenea milimani pamoja na shule na maandishi, hata mmoja wa waliokuja nyuma yao, Ernst Kotz, akachapisha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, mjini Berlin mwaka 1909. Mpaka leo alasiri ya Ijumaa huko ina haraka ya namna yake: kuni hupasuliwa, maji hutekwa, nguo huanuliwa, ili jua likichwa pasiwe na kazi iliyobaki mkononi. Katika haraka hiyo ndimo tulimomkuta fundi, mtu mzima wa maneno machache, ambaye gereji yake ilikuwa kivuli cha mparachichi.

Hakuligusa tairi. Aliuliza kwanza, kama tabibu aulizavyo: "Inayumba ukiwa mtupu au ukiwa na mzigo? Njia nyoofu au kona? Ukishika breki inatulia au inazidi?" Kijana alijibu kwamba ikiwa tupu hutulia, ikipakiwa huyumba, na kona huzidisha. Fundi akaipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likaning'inia, akaanza ukaguzi wake kutoka nje kwenda ndani. Alipima upepo, kwani tairi lenye upepo haba huogelea juu ya rimu yake. Aliutazama ule mstari mwembamba uzungukao ubavu wa tairi, kuona kama umekaa sambamba na ukingo wa rimu pande zote, maana tairi lisilokaa vema huzunguka kama kilemba kilichofungwa kwa papara. Alishika kipande cha chaki karibu na rimu akalizungusha gurudumu polepole: rimu iliyopinda ingeigusa chaki mahali pamoja na kuikimbia mahali pengine, lakini hii haikuigusa. Aligonga spoku moja moja kwa spana, akisikiliza, kwa kuwa iliyokaza hulia na iliyolegea hunung'unika. Aliangalia nati ya ekseli, na alama za kukazia cheni za kulia na kushoto, kama zinalingana. Mwisho alilishika gurudumu kwa juu na kwa chini, akalisukuma na kulivuta ili azisikilize beringi. Pakawa na mchezo mdogo sana, wa kuhisiwa na kiganja tu, naye hakuweza kusema kama ulitoka kwenye beringi au mahali pengine pa ndani zaidi.

Hapo jua lilikuwa limeinamia nyika ya Umasai. Fundi alizifuta spana zake moja moja, akazilaza ndani ya kitambaa, akasema, "Mwalimu, utatusamehe. Iliyobaki ni kazi ya Jumapili." Nikaomba maji nikatawadha, kwani kwake na kwangu siku mpya huingia jua lichwapo, na Magharibi iliyonifungulia mimi usiku wa Jumamosi ndiyo iliyomfungulia yeye Sabato. Watu wawili wa dini mbili tuliingia katika siku moja kwa mlango mmoja, na pikipiki ikabaki chini ya mti, gurudumu lake hewani.

Siku ya pili nilipita pale mara kadhaa, nyimbo za kanisani zikishuka mteremkoni na njia zote zikiwa hazina honi, na kila nilipolitazama gurudumu lile nilizidi kuona kwamba nimeonyeshwa tafsiri ya ibada. Wengi hudhani kwamba ibada ni kuiacha njia, kana kwamba mwenye kusali amejitoa katika dunia kwa muda na atarudi humo kama alivyotoka. Lakini gurudumu lililoinuliwa halijaacha kuwa gurudumu, limepewa tu fursa ya kuzunguka bila kubeba, ili upotovu wake uonekane. Barabarani kila kuyumba kuna udhuru: jiwe, tope, mwendo, shehena. Hewani nyudhuru zimeondolewa, na palipopinda hujitokeza penyewe mbele ya chaki. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kimoja kati ya vitabu 40 vya Ihya Ulum al-Din kwa ajili ya kuichunga nafsi na kuihesabu, na humo aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara, ambaye huna budi kuagana naye masharti, kisha kumwangalia akifanya kazi, kisha kukaa naye chini mhesabiane faida na hasara. Huo ni mfano wa mtu wa sokoni, nami kwa idhini yake nauongezea wa fundi: nafsi ikaguliwe kwa taratibu, kutoka kilicho nje na chepesi kwenda kilicho ndani na kizito, bila kuruka hatua kwa uvivu wala kukimbilia lililo kubwa kwa majivuno, maana wako waliopungukiwa na upepo tu, yaani usingizi, au chakula, au neno jema la mwenzi, nao hujitesa wakidhani roho zao zimepinda, na wako ambao rimu imepinda kweli, nao hujijaza upepo kila asubuhi.

Spoku nazo zilinipa somo ambalo sikulitazamia. Gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe husimama juu ya mbao zake kama nyumba juu ya nguzo. Lakini gurudumu la nyuzi za chuma, ambalo Mwingereza George Cayley alilifikiria mwaka 1808 alipokuwa akitafuta gurudumu jepesi la chombo cha kuruka, husimama kwa kuvutana. Kila spoku huivuta rimu ielekee kitovuni, nyingine zikivuta kwa kulia na nyingine kwa kushoto, na unyofu wa rimu ni sulhu ya mivutano hiyo. Ukizilegeza za upande mmoja kwa kuzionea huruma, rimu hukimbilia upande wa pili. Masheikh wetu wa pwani hufundisha kwamba mja humwendea Mola wake kati ya khofu na rajaa, yaani matumaini, na miaka mingi niliyafahamu maneno hayo kama ushauri wa kuchanganya mambo mawili kwa kiasi, mfano wa chumvi na sukari. Mbele ya gurudumu lile niliyafahamu upya. Khofu haipunguzwi ili rajaa ipate nafasi, bali zote mbili hukazwa, tena sawasawa. Na mtu mnyofu, ambaye zamani nilidhani ni yule asiyevutwa na kitu, naona sasa kuwa ni yule avutwaye pande zote kwa uadilifu.

Lau makala haya yangeishia Jumamosi, yangekuwa mazuri na ya uongo. Jumapili asubuhi fundi alifanya jambo ambalo hikima yangu ya jana yake haikuliwaza: aliishusha pikipiki chini. Alimwambia kijana apande, akaniambia nami nipande nyuma yake, gunia likarudishwa juu ya keria, kisha akamwita mwanafunzi wake ausukume mkia wa pikipiki kushoto na kulia, huku yeye amechutama, kidole chake cha shahada kimelala pale ambapo mkono wa chuma ushikao gurudumu huungana na fremu. "Tena," alisema, na tena. Kisha akakiondoa kidole kana kwamba kimeumwa. "Bushi," akasema. "Zimekufa zote mbili."

Bushi ni vipete viwili vidogo vipitiwavyo na bolti ndefu ambayo mkono ule hujiviringisha juu yake, ili gurudumu lipande na kushuka pamoja na shokapu. Zikilika, mkono hupata uhuru wa kwenda pia kulia na kushoto, na gurudumu, lisilo na dhambi yoyote, hupelekwa kule lisikotaka. Bei yake haifiki ya tairi moja, sembuse mawili. Zilikufa kwa kukosa girisi, na zilikosa girisi kwa sababu hazionekani. Fundi alilizungusha tairi tulitazame: kashata za upande mmoja zilikuwa zimelika, na za upande wa pili zingali na upya wa dukani. Tairi hilo, kama lile lililotupwa kabla yake, lilikuwa shahidi. Lilikuwa limeyaandika mwilini mwake yote yaliyotendeka nyuma ya mgongo wa mwenyewe, na ujira wa ushahidi wake ungekuwa kufukuzwa kama mkosaji. Ni mara ngapi twafanya hivyo? Hasira ya mtoto shuleni yaweza kuwa kashata iliyolikia upande mmoja. Aweza kuchapwa, akahamishwa, akaletwa mwingine mahali pake, na nyumba itokayo hasira ile isiguswe.

Wako wanazuoni wa Kisanskrit waelezao kwamba neno duhkha, ambalo wafuasi wa Buddha hulitumia kwa mateso ya dunia hii, hapo kale lilikuwa na maana ya tundu baya la ekseli, na sukha, yaani raha, tundu jema. Ikiwa wamesema kweli, basi watu wa mikokoteni ya zamani walikwisha kujua alichokigundua kidole cha fundi wa Suji: kwamba taabu ya safari yaweza kukaa katika tundu ambalo hakuna alitazamaye, ilhali wote wanalilaumu gurudumu.

Kwa hiyo nalazimika kuitengua nusu ya hukumu yangu ya Jumamosi. Faragha ya ibada huonyesha mengi, lakini haionyeshi yote, kwa kuwa ziko kasoro ambazo hazisemi mpaka zibebeshwe. Mtu aweza kukesha msikitini au kanisani akajikuta mpole, mvumilivu na mkarimu, kwa sababu usiku ule hakuna aliyemkalia. Mpe fedha za yatima azitunze, mpe cheo, mpe mgonjwa wa kumwuguza miezi sita, hapo ndipo bushi zake zitakapotoa sauti. Stendi bila mzigo humpa mtu cheti asichostahili, na mzigo bila stendi humwachia nyudhuru zake zote. Tena, hata vikiwapo vyote viwili, bado pahitajiwa kidole cha mtu mwingine, maana mpandaji aliyekaa kitini ili kasoro ionekane hawezi wakati ule ule kuchutama nyuma aitazame. Tusemapo nyani haoni kundule huwa twakusudia kumdhihaki nyani. Lakini methali hiyo, ikisikilizwa bila dhihaka, yataja tu jinsi mwili ulivyoumbwa, na kuumbwa hivyo si aibu. Aibu huanza pale nyani akatazapo wenzake wasimwambie.

Linabaki lile neno la tatu la kijana, kwamba yote ni mipango ya Mungu, ambalo nisingependa kulipita kana kwamba ni la kipuuzi. Katika milima hii wazee walijenga mandiva, mabwawa ya kukusanya maji ya kijito usiku kucha, ili yafunguliwe mchana na kupelekwa mashambani kwa mifereji. Maji yasipofika shamba la chini, mwenye shamba haliadhibu shamba lake, wala hatangazi mara moja kwamba Mungu ameyazuia. Huufuata mfereji kwenda juu, hatua kwa hatua, mpaka alikute tundu la panya, au jiwe lililohama, au jirani aliyejichukulia zamu isiyo yake. Na kama tatizo ni kubwa watu huitana msaragambo wakalitengeneza kwa pamoja. Hakuna mcha Mungu aliyepata kusema kwamba kuufuata mfereji ni kumkana Yeye anyeshaye mvua.

Wanazuoni wa kale walishindana sana katika jambo hili. Majabria walisema mja hana tendo lake. Makadaria walisema tendo ni la mja mwenyewe. Na Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad yapata mwaka 936, alisema kwamba Mungu huliumba tendo na mja hulichuma. Sijidai kuimaliza kesi iliyowashinda wenye elimu, ila neno hilo la kuchuma nililiona likifaa chini ya mparachichi. Kwamba chuma kisuguanacho na chuma hulika, hiyo ni kanuni aliyoiweka Muumba, na hakuna girisi iwezayo kuifuta. Kwamba bushi hizi zimekaa bila girisi na matairi mawili yakahukumiwa kwa ajili yake, hilo ni chumo la mwenye pikipiki. Kijana hakusema uongo pale ukingoni. Alisema kweli kabla ya wakati wake, naye alikuwa hajatoka hata shambani kwenda kuutazama mfereji. Kadari ni neno la kulitamka kwa unyenyekevu mwisho wa mfereji, aliyelitafuta tundu akiwa amekwisha kulifikia kwa miguu yake. Litamkwapo mwanzoni huwa mto wa kulalia.

Bushi ziliagizwa kutoka Same zikapanda mlima siku ile ile, na fundi akazitia jioni, akiwa amezijaza girisi hata ikamchuruzika vidoleni. Tairi lililolika upande hakulitupa. Aliligeuza akalifunga tena, akisema lingali na safari nyingi. Tuliteremka Jumatatu alfajiri, gunia la maharage limechukua mahali pa sukari, ukungu bado umelala katika kona. Kijana hakutaja matairi, wala barabara, wala mipango ya Mungu. Kabla ya kuondoka alikuwa amemwendea mwenzake mmoja aliyekuwa akiteremka Makanya, akamwomba jambo ambalo sikulisikia. Na mwenzake yule alitufuata njia nzima, hatua chache nyuma yetu, akilitazama gurudumu ambalo sisi tulioketi juu yake tusingeweza kuliona.